Wimbo wa Dona

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mama yangu anajua wimbo wa kumwomba Mungu unga.

Tulikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, baada ya kuvuka ziwa kutoka Kongo. Siku za mgao tulipewa mahindi, na mahindi yakisagwa na ganda lake bila kukobolewa, unga unaotoka unaitwa dona. Si mweupe, lakini unashibisha. Mama alikuwa akiinamia sufuria huku anaimba Kilatini alichofundishwa na masista akiwa msichana. Ulikuwa wimbo mrefu, hauna ngoma, hauna pa kupiga makofi, na katikati ya maneno yale yote nisiyoyajua, neno moja lilikuwa linarudi: dona. Maneno, maneno, halafu dona tena. Sikuhitaji wa kunifasiria. Nilimwitikia kwa moyo wangu wote. Na jioni kweli dona ilikuwepo sahanini, basi nikaona Mungu anakijua Kilatini na tumbo langu analijua.

Sasa niko Birmingham, mtu mzima, nakunja mashuka. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia huko Saltley. Mashuka ya mahoteli yanaingia yamechafuka, yanatoka yamenyooka kama karatasi, na mashine zinapiga du-du-du kutwa nzima. Shule sikusoma sana. Nilifika nchi hii umri umeshakwenda, nikapata Kiingereza cha kuombea kazi, basi. Lakini kuota, naota. Nikishika ncha za shuka naona nimesimama kwenye kanisa kubwa la mawe, nimevaa gauni refu, watu kimya wananisubiri nifungue kinywa. Wenzangu wakiniona natabasamu peke yangu na shuka jeupe mkononi wananiita bibi harusi, wananiuliza bwana harusi amekwama kwenye mashine gani.

Siku moja nilikwenda Digbeth kumpokea shangazi aliyekuwa anakuja na basi kutoka London. Basi likachelewa. Nikaona nizunguke kidogo mitaa ya nyuma ya stendi, kwenye yale maghala ya zamani ambayo siku hizi yamechorwa picha ukutani na ndani wanauza kahawa. Nikapita kanisa dogo la matofali. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi na ndani watu wanaimba.

Nilisimama pale pale. Ulikuwa wimbo wa mama. Wazungu kama kumi hivi, na makoti yao, watu ambao hawajawahi kuona dona kwa macho, wanaimba wimbo wa dona. Na walikuwa wanaimba kwa sauti moja. Hakuna wa juu, hakuna wa chini, hakuna kinanda. Wote mstari mmoja, pole pole, kama watu wanaozungumza lakini wamesahau kushusha sauti.

Aliyekuwa anawaongoza, mzee mwenye sweta lililotoboka kiwiko, mwalimu wa muziki aliyestaafu, akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, ule wimbo naujua. Akaniambia haya, imba. Nikaimba kama ninavyousikia tangu utoto. Walinisikiliza kwa adabu, na nilipomaliza mzee akasema sauti ipo ila nusu ya maneno nimeyatafuna, nije Jumatano niyateme.

Ndivyo nilivyoanza. Shangazi alinikuta stendi natabasamu, akaniuliza nimepata mchumba.

Nikija kueleza kwa nini nilizipenda zile nyimbo za kale, huwa nakwama. Misa yetu ya Wakongo Jumapili ina ngoma, ina kinanda, akina mama wanacheza mpaka viatu vinavuliwa, na mimi nimo katikati yao. Lakini ngoma inakuambia furahi. Usipokuwa na furaha siku hiyo, utajificha wapi? Zile za Kilatini hazikuambii furahi wala lia. Zinakuacha kama ulivyo, halafu zinakupitia. Sehemu kubwa maneno yanakaa kwenye noti moja tu, yanatembea hapo hapo mengi mengi, halafu sauti inapanda kidogo na kurudi kukaa. Mzee alisema noti ile ndiyo nyumba, mengine ni kutoka nje kidogo na kurudi.

Na kuna sheria ya pumzi. Mstari ni mrefu kuliko kifua cha mtu, kwa hiyo hairuhusiwi kupumua pale anapopumua jirani yako. Wewe ukiona unaishiwa, nyamaza, vuta pumzi yako taratibu, wenzako wanakushikia. Kisha unaingia tena kama hukutoka. Msikilizaji anadhani watu hawa hawapumui kabisa. Nilipomweleza mama alisema kwao katekista alikuwa anafundisha hivyo hivyo, ila maneno yake yalikuwa, "Imba sawa mutu anabeba mayi." Kwetu Kongo "sawa" ni "kama". Uimbe kama mtu aliyebeba maji kichwani, bila kuruka, bila kusimama ghafla, yasimwagike.

Sasa sauti ya mama. Mama ndiye anayeanzisha nyimbo kwenye jumuiya yetu. Akianza, hata watoto wachanga wanageuza shingo. Tulipokimbia tuliacha nyumba, tukaacha mbuzi, tukaacha watu. Sauti ndiyo iliyovuka nasi ziwa, kwa sababu haikuhitaji kubebwa. Na majira ya baridi ya mwaka huo tukaambiwa sauti hiyo inaweza kutuacha.

Mama alikuwa na rovu. Uvimbe wa shingo, alikuwa nao tangu zamani, akiufunika na kitambaa. Lakini ulikua mpaka akawa analala ameegemea mito kama mtu anayesubiri wageni, na pumzi yake ilikuwa na mluzi. Kwenye ile hospitali kubwa upande wa Harborne, daktari wa upasuaji, mwanamke mpole mwenye mikono midogo, alitueleza kwamba uvimbe unabana njia ya hewa na lazima utolewe. Alieleza pia kuwa pembeni ya rovu zinapita neva nyembamba kama uzi, ndizo zinazoendesha sauti. Zikiguswa vibaya, sauti inaweza kukwaruza, au isirudi. Mkalimani alikuwa Mkenya, kwenye simu iliyowekwa mezani. Akamfasiria mama kwamba kuna uwezekano sauti ipotee.

"Ipotee iende wapi?" mama akauliza.

Mkenya akacheka kidogo kwenye simu, akaomba radhi. Mimi nilicheka zaidi yake. Nikiogopa huwa nacheka, ndivyo nilivyoumbwa. Mama hakucheka. Alishika kile kitambaa chake shingoni akawa anakikunja na kukikunjua.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwenye mazoezi nikitafuta kupumzika. Ilikuwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na mzee akasema tutaimba ule wimbo wangu. Nikauliza kwa nini huo. Akanishangaa. Akasema hiyo ndiyo kazi yake, umeimbwa juu ya majeneza tangu karne ambazo hata haya matofali hayajachomwa. Nikamuuliza, na dona? Akasema dona ni "jalia". Wajalie raha, hao waliolala. Nikamuuliza, nusu utani nusu namsihi, haiwezi kuwa unga? Akacheka, wenzangu nao wakacheka, nami nikacheka kuliko wote.

Kwenye basi la kurudi nyumbani ndipo nikaelewa. Utoto wangu wote nilikuwa naitikia mazishi. Na ule wimbo nilikuwa nauimba kazini, kila siku, juu ya mashuka meupe. Kesho yake nilipolivuta la kwanza kutoka kwenye rundo sikuona bibi harusi. Niliona sanda. Nilikunja sanda mpaka saa ya kutoka, mdomo nimeufunga, na wenzangu wakaulizana leo bwana harusi amefanya nini.

Siku chache kabla ya upasuaji jirani yetu alikuja kumwona mama. Ni mama wa Kizanzibari, anauza vitambaa Alum Rock Road, na huwa haingii mikono mitupu. Siku hiyo alileta mkate wa ufuta. Mama, kwa ule mluzi wake, akasema mbele yake kwamba asubuhi ya operesheni, kabla hawajamchukua, anataka nimwimbie ule wimbo wa dona. Tuuimbe wote wawili.

Niliweka kikombe chini. Nikasema kuna nyingine nzuri zaidi. Nikasema wauguzi watatufukuza. Nikasema nina mafua.

"Mwimbie mama yako, mwanangu," jirani akasema. "Mafua gani hayo yanakuja ukiombwa jambo?" Akamgeukia mama. "Shoga, kwani huo wenu haupigiwi dufu?"

Mama akatikisa kichwa, akamwonjesha kidogo, sauti ya chini tu, mpaka pumzi ikakatika. Jirani akawa ameinamisha kichwa. Alisema kumbe ni kama kisomo cha Kurani, sauti moja na pumzi ndefu, na kwamba jambo likiwa la Mungu halitaki kelele. Halafu akamkatia mama mkate, maana alimwona anafuta macho.

Mimi nilikwenda kuosha vyombo visivyo vichafu. Kwetu mgonjwa hachimbiwi kaburi. Huwezi kumwimbia mtu mzima, anayekutazama, wimbo wa jeneza, halafu umkabidhi kwa watu wa visu. Ni kama kumwonyesha kifo njia. Na yeye maskini hajui, nilijiambia. Anadhani ni wimbo wa unga.

Basi nikapanga hila. Nilimfuata mzee nikamwomba wimbo mwingine wenye dona, wa watu wazima wenye afya zao. Akanipa mmoja unaoomba amani, mfupi, dona imo. Nikaufanyia mazoezi kazini katikati ya mashine. Nilijiambia mama atasikia dona yake, ataridhika, na kifo hakitasikia kitu.

Asubuhi ile wodini kulikuwa na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu na mkate wa kuchoma. Mama alikuwa amevaa lile gauni la hospitali linalofungwa mgongoni, amekuwa mdogo ghafla. Kitambaa cha shingo wamemvua. Nilivuta pazia la kitanda, nikamshika mkono, nikaanza ule wimbo wa amani. Sikufika hata kwenye dona.

"Hapana," mama akasema. "Si uyu."

Nikamwambia huu ni mzuri. Akasema anajua ni mzuri, hakuuomba. Nikamwambia na huu una dona. Akanitazama tu. Mama akinitazama vile, tangu utotoni, uongo wangu hutoka wenyewe kwa mlango wa mbele.

"Mama, ule ni wa maiti," nikasema.

Nilidhani atashtuka. Nilijiandaa kumshika. Yeye akanivuta nikae kitandani.

"Miye nilijua," akasema. "Weye ndiye ulisikia unga. Ulikuwa na njaa."

Akaniambia hayo kidogo kidogo, kila maneno machache akisimama kutafuta hewa. Kwamba baba na kaka yangu mkubwa walipobaki njiani, kabla ya ziwa, hapakuwa na mtu wa kuwaimbia. Yeye mwenyewe alikuwepo na sauti yake yote, lakini angeifungua wangetusikia wale waliokuwa wanatufuata. Akapita kimya. Ndipo kambini, kila jioni, akawaimbia juu ya sufuria. Na mimi nikawa naruka ruka pembeni naitikia dona, dona, nina furaha. Angeniambia nini? Akaniacha na unga wangu.

Nikamuuliza, sasa leo anamwimbia nani. Nilijua jibu nisilolitaka.

"Hii," akasema, akaweka vidole kooni, juu ya rovu. "Daktari amesema inaweza kwenda. Wale walikwenda bila wimbo. Hii sitaki iende vile. Na ikirudi, si itakuwa imesikia tu?"

Nilicheka. Halafu nikaona si kicheko.

Akanipangusa uso kwa kiganja. "Anza," akasema. "Sawa mutu anabeba mayi."

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa inatikisika kama ndoo iliyojaa mno. Mama akaingia chini yangu, tukawa mmoja. Nilizoea sauti yake kujaza ukumbi. Sasa ilikuwa pale kwenye pazia tu, inatosha kitanda. Mstari wa pili pumzi ikamwishia mapema, nikasikia mluzi, nikasikia amenyamaza, na nikaogopa kwamba nami nikinyamaza, basi. Nikashika. Nikashika noti mpaka macho yakaona nyota, na yeye akavuta hewa yake, akarudi, akanikuta. Mstari uliofuata hivyo hivyo. Sikupumua pale alipopumua. Tulipomaliza niliona viatu vya muuguzi chini ya pazia. Alikuwa amesimama pale akisubiri, kisha akagonga hewani kama mtu anayegonga mlango, akauliza kama tuko tayari.

Wakamchukua.

Waliniambia itachukua muda, nikatafute chai. Nikatoka, nikatembea mpaka High Street ya Harborne. Maduka yalikuwa yanafunguliwa. Mtu alikuwa anapanga viti nje ya mkahawa, kama kwamba siku ile ni ya kukaa nje. Watu wa ndoto tuna shida moja: tukiogopa, ndoto haziachi kazi, zinabadilisha bosi tu. Kichwa changu kilichozoea kunijengea makanisa kilinijengea kila kitu. Nilimwona daktari anakuja kwenye korido anavua kofia. Nilimwona mdogo wangu wa baba mwingine, yule aliyezaliwa hapa hapa, anayesemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza, namtafutia neno la kumwambia, sina katika lugha yoyote. Nilimwona mama amelala na noti ile haipo. Na chini ya hayo yote lilikuwepo lile la wimbo wa mazishi: nimeuimba mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimeshika mpaka mwisho. Simu ilipotetemeka mfukoni nilishindwa kuitoa. Mama mmoja Mzungu, mgeni kabisa kwangu, aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, asante, nikitabasamu, na machozi yanaingia mdomoni.

Nilirudi wodini. Mama alikuwa hai. Alikuwa na bendeji shingoni, na hewa ilikuwa inapita bila mluzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka. Alinibana kidole. Akafungua kinywa kusema jina langu, na pakatoka upepo.

Daktari alisema neva moja ilivutwa, haikukatwa, kwamba zinaweza kuamka, zinaweza zisiamke, tusubiri. Tukasubiri Krismasi nzima. Mama alinong'ona. Alikuwa anagonga kijiko mezani akituita, na mdogo wangu akajifunza kuitofautisha midundo, mmoja wa chakula, mmoja wa hasira. Jumuiya ilipoanza wimbo kanisani bila yeye, watu waligeuka kumtazama halafu wakaona aibu. Alipiga makofi kwa bidii. Nami Jumatano nilikuwa naogopa kwenda Digbeth, nikaenda, kwa sababu pale ukinyamaza kwa hofu kuna wa kukushikia.

Kisha jirani yetu akaja na mfuko, ameubeba kama mtoto. Alikuwa ameupata kwenye duka moja huko Alum Rock, nyuma ya magunia ya mchele. Dona. Alisema aliambiwa na mama kwa kunong'onezwa kisa chote cha unga wangu, akacheka mpaka wateja wakaondoka.

Mama aliusonga siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nakata mboga, na harufu ile ya ganda la mahindi ikanirudisha mbali, nikawa naimba bila kujua ninachoimba. Nilipogundua ni ule, ule wa jeneza, nilitaka kukatisha. Lakini nilikuwa katikati ya ile sehemu ndefu, maneno yamekaa kwenye noti moja, na kitu kikanguruma upande wa jiko. Nilidhani ni feni ya kutolea moshi.

Haikuwa feni. Ilikuwa noti. Imekwaruzika, nyembamba, ina pumzi nyingi kuliko sauti, lakini iko mahali pake. Sikuthubutu kugeuka. Wimbo ulipopanda mama akaniacha niende peke yangu, maana huko hakufika, na niliporudi nyumbani kwenye ile noti nikamkuta amekaa. Nikapanda, nikarudi, bado yupo. Kifua kilikuwa kinaniwaka. Sikutaka kupumua. Niliogopa nikitoka, yeye naye atatoka, na hatutaipata tena.

Mama aliinua mwiko uliojaa ugali akanielekezea kifuani, kama mzee wa sweta anavyotuelekeza: nenda, pumua.

Nikanyamaza, nikavuta hewa yangu taratibu. Noti ilikuwa bado inatembea.